Gunia la Kumi na Moja

(Mazungumzo mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wa mwaka)



Nilipoombwa kuzungumza nilidhani mnataka habari za utumishi serikalini. Katibu akaniambia hapana, sema jambo litakalomfaa kijana hata asipopata kazi ya ofisini. Basi nimechagua matairi ya pikapu. Chekeni tu, lakini hapa Sumbawanga ni nani ambaye mahindi yake, maharage yake, au godoro lake la kuendea shule halijawahi kupanda pikapu?

Mwaka 1997, likizo ya Juni, nilikuwa kidato cha tatu. Mjomba alikuwa na mpunga kule Muze, bondeni, na sehemu ya mpunga ule ilikuwa karo yangu. Pikapu tuliyopata ilikwisha kupakia magunia kumi. Dereva akasema yatosha. Mimi ndiye niliyembembeleza aongeze la kumi na moja, kwa kuwa nilikwisha kupiga hesabu ya karo na bila gunia lile haikutimia. Akakubali. Tukakaa juu ya mzigo watu sita, mimi na binamu yangu tukiwa pembeni, juu ya gurudumu la nyuma la kushoto.

Wanaoijua njia ile wanajua ilivyo. Ziwa Rukwa liko kiasi cha mita 800 juu ya usawa wa bahari. Sumbawanga iko karibu na mita 1,800. Katikati yake ni ukuta wa Lyamba lya Mfipa. Tulipofika kwenye kona moja ya kupanda, tairi la kushoto likapasuka mlio kama wa bunduki. Gari likaegemea, kamba ikakatika, magunia yakashuka na watu. Mimi niliangukia majani. Binamu yangu aliangukiwa na gunia mguuni. Mguu ule haukupona sawasawa, naye hutembea na fimbo mpaka leo. Hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linalonisumbua.

Kwa miaka mingi niliamini lile tairi lilikuwa bovu, basi. Nilipokuja kununua pikapu yangu ndipo fundi mmoja wa pancha aliponiinamisha nisome ubavuni mwa tairi. Maandishi yale hayakuwekwa kwa urembo. Chukua mfano wa tairi la 195R14C, ambalo pikapu nyingi za zamani hulivaa. Baada ya kipimo hicho kuna 106/104. Namba ya kwanza maana yake tairi moja, likiwa peke yake upande wake, linabeba kilo 950, na hapo liwe limejazwa upepo wake kamili. Matairi mawili ya nyuma, basi, ni kilo 1,900. Gari tupu lenyewe linaweza kulalia ekseli ya nyuma kwa kilo 600 hivi. Weka magunia kumi ya mahindi ya kilo mia mia, na karibu uzito wote uko nyuma: 1,600. Zimebaki 300. Watu watano wa kilo sitini wamezimaliza. Na kama magunia ni ya lumbesa, kila moja likizidi kwa kilo ishirini, mtu wa pili akipanda tu umekwisha kuvuka mpaka. Wakala wa Vipimo wanapopiga vita lumbesa tunafikiri wanamtetea mkulima tu. Wanalitetea na tairi pia.

Kuna ujanja wa kuongeza springi. Gari halibonyei, mwenyewe anafurahi. Lakini springi haiongezi hata kilo moja kwenye lile tairi. Inaficha tu kile ambacho macho yangeona. Vilevile magunia yakipangwa mpaka yakatokeza nyuma ya bodi, uzito unakuwa kama mtu aliyekaa ncha ya ubao wa pembea: mbele kunanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi, na nyuma kunabeba zaidi ya uzito wa magunia yenyewe.

Linaloua tairi hasa ni joto. Likizidiwa, au upepo ukipungua, ubavu hujikunja na kukunjuka kila linapozunguka, ndani kunachemka, na mpira huachana na nyuzi. Marekani mwaka 2000 kampuni ya Firestone ililazimika kurudisha matairi kama milioni 6.5, mengi yakiwa ya magari ya Ford Explorer, baada ya watu wengi kufa. Mashtaka yalikuwa mengi pande zote mbili, lakini upepo mdogo, mzigo na joto havikukosa kutajwa. Na huko barabara ni nzuri! Kumbe ndiyo hatari yenyewe. Zamani njia ya Tunduma ilikuwa vumbi na mashimo, hata aliyepakia kupita kiasi alitambaa. Sasa ni lami, kilomita zaidi ya 220, na mtu hukimbiza mzigo uleule kwa mwendo wa basi.

Upepo upimwe asubuhi, kabla gari halijatembea. Ukitoka hapa na baridi yetu ya Juni ukashuka bondeni, utakuta kipimo kimepanda. Usiutoe! Ni joto tu. Ukipoa utabaki na tairi legevu, na ndilo utakalopandia mlima.

Matairi ya mtumba nayo, tangu kiwanda chetu cha General Tyre cha Arusha kisimame, yametujaa. Tazama tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2315 ni juma la 23 la mwaka 2015. Kashata zinaweza kuwa nzima na mpira umekwisha kuzeeka.

Msingoje mizani ya barabarani iwaambie. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia 2019, inahusu magari ya kuanzia tani tatu na nusu. Pikapu nyingi hupita pembeni na dereva akipunga mkono.

Ndugu Mwenyekiti, naona muda. Pikapu yangu iko chini ya ule mti karibu na bweni, na kipimo cha upepo kiko kwenye kiti. Baada ya chakula, vijana watakaopenda waje tusome matairi yake pamoja. Binamu yangu nimekuja naye. Ndiye aliyekaa pale mlangoni.