Saa ya Kugeuka Mlimani

Hotuba kwa vijana na wazazi wa Turbo kuhusu safari za siku moja mlimani wakati wa baridi



Kila mwaka ifikapo Julai, kazi za shamba hupungua kidogo. Mahindi yameshapaliliwa na kutiwa mbolea ya kukuzia, na mavuno bado yako mbali. Huo ndio wakati vijana wengi wa Turbo, Kamagut na Ngenyilel hupata nafasi. Marafiki huchanga pesa, hukodi gari, na kwenda kupanda mlima. Ni jambo jema. Kijana anayetumia Jumamosi yake kupanda mlima pamoja na wenzake ametumia siku vizuri, na wazazi hawana sababu ya kumkataza.

Lakini Julai ni mwezi wa baridi, na upande huu wa Bonde la Ufa baridi huja na maji. Nairobi wakati huo huwa na mawingu na ubaridi, bila mvua kubwa. Uasin Gishu, Trans Nzoia na Mlima Elgon, Julai na Agosti ni miezi ya mvua. Mara nyingi asubuhi huwa safi, kisha mvua hushuka alasiri ikiwa na radi, na pengine mvua ya mawe. Mtu akilowa mbali na gari, upepo ukivuma na jua likielekea kuzama, maisha yake yamo hatarini. Haihitaji theluji.

Kwa hiyo neno la leo ni moja. Kila safari ya mlima iwe na saa ya kugeuka. Saa hiyo ipangwe nyumbani, na iheshimiwe hata kilele kikiwa mbele ya macho.

Mlima wenyewe

Asubuhi isiyo na ukungu, Mlima Elgon huonekana kutoka sehemu zilizoinuka za Turbo, upande wa kaskazini-magharibi. Ni volkano iliyozimika zamani sana, na mpaka wa Kenya na Uganda unapita juu yake. Kilele kirefu kuliko vyote, Wagagai, chenye mita 4,321, kiko Uganda. Upande wa Kenya wengi hupanda Koitobos, mita 4,222, kilele chenye bapa la mawe juu kama meza.

Njia ya kawaida kutoka huku hupitia Kitale na Endebess hadi lango la Chorlim la Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyoanzishwa mwaka 1968. Ndani ya lango gari hupanda katika msitu wa miti mikubwa, likayaacha nyuma mapango kama Kitum, ambamo tembo huingia kulamba chumvi ya mwamba. Kisha huja mianzi, halafu nyasi na vichaka vya mlima mrefu, mpaka mwisho wa barabara Koroborte, kwenye takriban mita 3,500. Kuanzia hapo ni miguu tu, pamoja na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Mwenye mwendo wa kawaida huchukua karibu saa tatu kufika juu, kati ya mimea mirefu ya ajabu isiyoota popote kule chini.

Mlima huu si mgeni kwa watu wa Turbo. Maji ya mto Sosiani hushuka kutoka Eldoret, hupita upande huu, na mwishowe huingia mto Nzoia. Mto Koitobos, unaotoka Elgon, nao huingia Nzoia. Maji hayo yote huishia Ziwa Victoria yakiwa mto mmoja.

Hesabu ya baridi

Kwa kawaida, kila mita 100 mtu anazopanda, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Turbo iko kwenye mita zaidi ya 1,800. Kutoka hapa hadi Koitobos ni mita 2,400 hivi za kupanda. Maana yake ni nyuzi 14 chini ya joto la nyumbani. Mchana wa nyuzi 20 hapa Turbo ni nyuzi tano au sita kule juu, kabla ya kuhesabu upepo na mvua.

Mvua ndiyo hatari kubwa. Maji hunyonya joto la mwili haraka mara nyingi kuliko hewa kavu. Suruali ya jinzi na fulana ya pamba zikilowa hushika maji na kugeuka kuwa kanzu ya baridi. Sweta la sufu, hata la mtumba, huendelea kuhifadhi joto hata likiwa na unyevu.

Wengine husema kwamba mtu wa Uasin Gishu ana mapafu ya mkimbiaji, kwa hiyo mlima hauwezi kumtisha. Mapafu ni mazuri, lakini hayazuii baridi. Mkimbiaji mwembamba hana mafuta mengi mwilini, na akisimama baada ya kutoka jasho hupoa haraka kuliko wengine. Kule juu hewa nayo ni nyepesi: kwenye mita 4,200, msukumo wake ni karibu asilimia 60 tu ya ule wa Mombasa. Kichwa kuuma, kichefuchefu na kizunguzungu ni dalili za kimo. Dawa ya kwanza ni kushuka.

Mwenye mafua au kifua asipande. Julai 2016, dereva wa mbio za magari wa Afrika Kusini, Gugu Zulu, alifariki akipanda Kilimanjaro. Alikuwa na miaka 38 na mwili wa mwanamichezo, na kabla ya kuzidiwa alikuwa ameeleza kwamba ana dalili kama za mafua. Safari inaweza kuahirishwa.

Hesabu ya saa

Chukua mfano wa marafiki sita kutoka Turbo. Wanataka kwenda na kurudi siku moja. Wakiondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, wakasimama Kitale kunywa chai na kununua vitu, watafika langoni asubuhi imekwenda. Barabara ya ndani huteleza wakati wa mvua, na gari lisilo na nguvu kwenye magurudumu yote manne linaweza kukwama. Wataanza kutembea saa sita mchana na kufika karibu na kilele saa tisa, saa ileile ya mvua. Hakuna kosa kubwa walilofanya. Hesabu yao tu haikutosha.

Sasa wachukue hesabu ya pili. Walale Kitale au Endebess usiku wa kuamkia safari. Wawe langoni mapema asubuhi. Waanze kutembea saa tatu. Wafike juu saa sita, wale, wapige picha, na saa saba kamili wawe wanashuka. Saa kumi wako kwenye gari, na jua likizama wameshatoka hifadhini. Katika hesabu hii saa ya kugeuka ni saa saba mchana. Wakiwa wamebakiza nusu saa kufika juu, wanageuka. Ngurumo ikisikika saa tano, wanageuka saa tano, kwa sababu kilele kilicho wazi si mahali pa kungojea radi.

Hapa ndipo marafiki hugombana. Mmoja husema, "Tumetoka mbali, tumelipa pesa, kilele kile pale." Mwingine husema wanaochoka wangoje, wenye nguvu waendelee. Kundi likigawanyika, ukungu ukishuka, kila upande haujui mwingine uko wapi. Mwendo wa kundi uwe mwendo wa aliye nyuma, na mmoja akigeuka wote wageuke. Ndiyo sababu saa hiyo hupangwa nyumbani, kila mtu akiwa ameshiba na akili imetulia. Kule juu, mtu mwenye baridi na hamu ya kilele si mwamuzi mzuri.

Mei 2024 Kenya nzima ilifuatilia habari za Cheruiyot Kirui, mfanyakazi wa benki na mpanda mlima mzoefu, aliyefariki karibu na kilele cha Everest akijaribu kukifikia bila hewa ya mtungi. Mwongozaji wake, Nawang Sherpa wa Nepal, naye hakurudi. Familia ya Kirui baadaye iliamua mwili wake ubaki mlimani, ili wengine wasihatarishe maisha yao kwa kuuleta. Ulikuwa uamuzi mzito, nao unafundisha. Koitobos si Everest, lakini huku pia anayekwama mlimani huwavuta wengine: askari, marafiki na majirani wanaomtafuta usiku kwenye mvua.

Dalili za kuangalia

Mwili wa binadamu hukaa karibu na nyuzi 37. Ukishuka chini ya 35, mtu yuko hatarini. Kwanza hutetemeka. Kisha vidole hushindwa kufunga zipu, miguu hujikwaa, ulimi huwa mzito, na mtu huanza kununa au kukataa msaada. Akiacha kutetemeka ilhali bado ana baridi, hali imekuwa mbaya. Yeye mwenyewe mara nyingi husema yuko sawa. Kwa hiyo kila mmoja apewe mwenzake wa kumwangalia.

Akionekana hivyo, aondolewe kwenye upepo, avuliwe nguo zilizolowa, avishwe kavu, afunikwe kichwa, na akalishwe juu ya begi au nguo, asikae kwenye ardhi yenye unyevu. Kama anaweza kumeza, apewe chai ya moto yenye sukari nyingi. Asisuguliwe mikono na miguu. Asipewe pombe hata tone: pombe humfanya ahisi joto kwenye ngozi huku joto la ndani likitoka. Akipata nguvu, ashushwe polepole, asiachwe peke yake.

Vya kubeba

Kila mtu abebe koti la mvua, sweta la sufu, kofia, soksi za akiba na nguo kavu zilizofungwa zisilowe. Abebe tochi, hata kama safari ni ya mchana. Chakula kiwe cha kuliwa bila kupika: mandazi, njugu, ndizi, mayai. Chai iwe kwenye thamosi. Tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja, zikiwemo chupa za maji, haziruhusiwi katika hifadhi na misitu inayolindwa. Maji yabebwe kwenye chupa ya kutumia tena.

Malipo ya kuingia hufanywa kupitia eCitizen, na mtandao langoni si wa kutegemewa. Ni vizuri kulipa kabla ya kuondoka. Simu ihifadhiwe ndani ya nguo karibu na mwili, kwa sababu baridi humaliza betri.

Kwa kundi ambalo halijawahi kupanda, Jiwe la Sergoit lipo ndani ya kaunti hii, upande wa Moiben. Nusu siku pale inatosha kujua nani ana viatu vibovu na nani huharakisha wenzake, kabla ya kwenda Elgon.

Kazi ya wanaobaki nyumbani

Mzazi au rafiki anayebaki apewe karatasi yenye mambo matano: majina ya wote, nambari ya gari, njia watakayopita, saa ya kugeuka, na saa watakayopiga simu wakitoka langoni. Saa hiyo ikipita kwa muda waliokubaliana, asingoje asubuhi kwa kuogopa kuonekana mwoga. Apige 999 au 112, au Msalaba Mwekundu kwa 1199, na awasomee karatasi ile. Watafutaji wakijua njia na idadi ya watu, wanajua pa kuanzia.

Na kundi likirudi bila kufika kileleni, majirani wasiwacheke. Kijana anayechekwa kwa kugeuka mwaka huu hatageuka mwaka ujao. Aulizwe aliona nini, apewe chai, aambiwe mlima hauhami. Desemba hadi Machi, mahindi yakiwa ghalani na anga ikiwa kavu, Koitobos itakuwa palepale.