Afya ya Mwili na Utumishi kwa Jirani

(Hotuba iliyotolewa uani mwa hekalu katika sherehe ya maadhimisho)



Kamati imetutaka tuseme machache juu ya afya ya mwili na michezo. Jina letu lilipotajwa kwa kazi hii, vijana kadhaa waliangua kicheko, na hatuwalaumu. Sisi si wanamichezo. Sisi ni watu wa dukani, wana wa watu wa dukani, na tulifundishwa tangu utotoni kwamba kazi ya mwili ni ya mchukuzi, na kazi ya mfanyabiashara ni kukaa. Huenda ndiyo sababu tumechaguliwa. Aliyeugua ndiye aujuaye ugonjwa.

Wengi wetu tulilelewa katika maduka ya Mbulu, Dongobesh na Katesh. Kila duka lilikuwa na gadi, yaani godoro jembamba lililotandikwa shuka jeupe, na juu yake alikaa baba, miguu ameikunja, mkono u karibu na sanduku la fedha. Alikaa hapo tangu saa 2 asubuhi hadi jua kuchwa. Mbele yake walipita watu waliotoka Daudi, Tlawi na vijiji vya mbali zaidi, wametembea saa tatu au nne kuja kununua chumvi, mafuta ya taa na kaniki. Jioni walirudi kwa miguu ile ile, kilima baada ya kilima, mzigo kichwani. Baba aliwahurumia. Aliwapa maji ya kunywa na benchi la kupumzikia. Hatukujua wakati ule kwamba aliyestahili kuhurumiwa alikuwa yeye.

Baba alifariki akiwa na umri wa miaka 57, kwa maradhi ya moyo, funguo za duka zikiwa mfukoni. Ndugu zake wawili, ambao kwa lugha ya nyumbani tuliwaita kaka (majirani walitucheka sana, kwa kuwa kwa Kiswahili tulikuwa tunawafanya rika letu), walimfuata kabla ya kufikisha miaka 65. Mmoja alikatwa mguu kwa ajili ya kisukari. Hapa uani hakuna familia ya Kigujarati isiyo na habari kama hiyo, na kwa miaka mingi tuliisimulia kama majaliwa tu, kana kwamba Mungu alituandikia sukari kama alivyowaandikia wengine urefu au macho ya kahawia.

Ni kweli kwamba damu ina sehemu yake. Wataalamu wameonyesha kwamba watu wenye asili ya Bara Hindi hupata kisukari wakiwa na uzito mdogo kuliko watu wa mataifa mengi. Mtu wetu anaweza kuonekana mwembamba mikononi na usoni, kumbe mafuta yamejikusanya tumboni, yakiizunguka ini. Lakini damu hiyo hiyo walikuwa nayo mababu zetu waliolima pamba na karanga Kathiawar, waliotembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji. Walichokosa mababu ni gadi, pamoja na sahani ya jalebi iliyowekwa kando yake.

Na tazameni tulikokaa! Hakuna mahali katika Tanzania ambapo ilikuwa aibu zaidi kukaa kitako. John Stephen Akhwari ni mwana wa Mbulu. Kila mtoto wa shule anajua habari ya tarehe 20 Oktoba 1968 katika jiji la Mexico, jinsi alivyoanguka njiani, akaumia goti na bega, akafungwa bandeji na kuendelea, akaingia uwanjani giza limeshatanda, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa wa 57, wa mwisho katika waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio bali kuzimaliza. Jambo ambalo watu husahau ni kwamba miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, alishika nafasi ya 5 katika marathoni. Hakuwa mtu wa kuhurumiwa. Alikuwa mkimbiaji hodari aliyepatwa na siku mbaya, kisha akarudi nyumbani Mbulu kulima.

Filbert Bayi alizaliwa Karatu, wakati Karatu ingali sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Tarehe 2 Februari 1974 huko Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia, akiongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka uliofuata, Kingston, Jamaika, akaivunja na rekodi ya maili. Sisi tulikuwa watoto. Tuliisikia habari hiyo katika redio ya betri iliyowekwa juu ya gunia la sukari, na baba aligawa peremende kwa kila aliyeingia dukani siku hiyo. Na kutoka Hanang yetu alitokea Gidamis Shahanga, aliyetwaa medali ya dhahabu ya marathoni Edmonton mwaka 1978, na ya mita 10,000 Brisbane mwaka 1982.

Tulishangilia wote hao. Tulichanga fedha za jezi na vikombe vya mashindano ya shule. Hata siku moja haikutupitia akilini kwamba barabara waliyokimbilia ilipita mbele ya mlango wetu na haikuwa na kiingilio.

Hatusemi kwamba hatukujaribu kabisa. Ujanani tulicheza kriketi kwa mpira wa tenisi nyuma ya ghala, na wavu tulipopata wavu. Tulipofika miaka 40 na kitu tulijiunga na mpira wa miguu wa wafanyakazi wetu, tukatoka dakika ya kumi kifundo kimeteguka, na huo ukawa mwisho. Navratri tunacheza garba usiku tisa mfululizo mpaka jasho linatiririka, jambo jema sana. Kisha tunakula ladu kwa usiku tisa hizo, na kupumzika kwa miezi kumi na mmoja. Hesabu hiyo hata karani wa dukani angeikataa.

Miaka michache iliyopita wanne wetu, wote tumepita 60, tuliamua kuupanda Mlima Hanang kutoka Katesh. Mlima huo una zaidi ya mita 3,400, na kijana Mbarabaig aliyetuongoza alituambia kwa adabu kwamba watu huondoka alfajiri, hufika kileleni na kurudi siku hiyo hiyo. Saa 4 asubuhi tulikuwa bado msituni, tumekaa juu ya mizizi, tunakula theplas tulizofungiwa nyumbani. Yeye alikuwa amesimama, hahemi. Hatukuuona hata ule mgongo wa nyasi ulio juu ya msitu. Tuliteremka tukicheka, na tuliendelea kuicheka safari hiyo harusini na misibani, mpaka Desemba 2023.

Mnajua nini kilitokea. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ule ule iliporomoka. Tope, mawe na magogo yalishuka juu ya Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Baadhi ya mlioketi hapa leo mlizika ndugu zenu wiki ile, nasi tunatamka maneno haya kwa heshima na huzuni.

Jumuiya yetu ilichanga haraka, kama kawaida yetu. Tulipakia mablanketi, unga, sukari na maji, tukafika Katesh na kushusha mizigo. Kisha mama mmoja tunayemfahamu tangu siku za duka la baba alituonyesha nyumba yake. Tope lilikuwa limefika madirishani. Hakuomba blanketi. Aliomba tumsaidie kutoa tope, kwani vijana na askari walikuwa wametawanyika kila upande na zamu yake ilikuwa bado. Tulivua viatu, tukashika sepetu. Ndugu zangu, hatukumaliza nusu saa. Mmoja wetu alishikwa na maumivu ya kifua, tukamketisha juu ya ndoo. Mwingine mikono ilitetemeka mpaka sepetu ikamponyoka. Mama yule, mwenye umri sawa na wetu, alituletea maji ya kunywa na kutuwekea benchi tupumzike, akaendelea kuchota tope peke yake.

Sisi Wahindu tuna neno seva, utumishi usiodai malipo. Tangu siku ile tunajiuliza kama seva yetu miaka yote haikuwa ya mkono mmoja tu, ule unaoandika hundi. Hatudharau hundi, zimejenga madarasa na visima, na pengine zimelijenga benchi mnalokalia. Lakini kuna saa ambapo jirani anahitaji mgongo wako, na mgongo haununuliwi siku hiyo hiyo.

Hivyo tulianza kutembea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano. Mwendo wa wastani ni ule unaoweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Kwetu tulianza na dakika kumi, kwa kuwa hatukuweza zaidi. Sasa ni saa nzima kila alfajiri, na wawili kati yetu daktari amewapunguzia dawa za sukari. Tunasisitiza kwamba ni daktari aliyepunguza. Tafadhali mtu asijipunguzie mwenyewe kwa sababu ya hotuba hii.

Wanaume walipata barabara. Mama na dada zetu hawakuipata: giza, mbwa, pikipiki, na macho ya watu. Ndipo likaja pendekezo kwamba lango la hekalu lifunguliwe mapema, wanawake watembee humu ndani. Kamati iligawanyika. Baadhi walisema hekalu ni mahali pa ibada, si kiwanja. Tuungame hapa mbele yenu kwamba katika kikao cha kwanza sisi tulikuwa upande huo. Aliyetubadilisha ni bibi mmoja wa miaka 74, aliyetukumbusha kwamba pradakshina, kuizunguka madhabahu kwa mkono wa kulia, ni kutembea, na kwamba hakuna maandiko yanayokataza mtu kuzunguka mara 40. Hatukuwa na jibu. Leo anazunguka, anahesabu kwa shanga, na wajukuu hawamwezi.

Kwa majirani zetu tuna neno moja, tulitamke kwa upole. Tunaona bodaboda kila njia panda, na soda katika kila kibanda, na sisi wenyewe ndio tunaoziuza soda hizo. Watoto wa wale waliotembea saa nne kuja dukani kwetu sasa hupanda pikipiki kwa mwendo wa dakika kumi. Hatuwalaumu, nani asiyependa kupumzisha miguu? Ila hospitali zenu zimeanza kujaa ugonjwa tuliouita wetu. Msiturithi katika hilo.

Lango la hekalu litakuwa wazi kuanzia saa 11 na nusu alfajiri, Jumatatu hadi Jumamosi, kwa wanawake wote wa mtaa huu, wa dini yoyote. Wanaotaka kujifunza Surya Namaskar, ile salamu ya jua yenye hatua 12, wabaki baada ya hapo. Viatu viachwe nje, kandambili pia. Kiangazi kijacho tutaujaribu tena Mlima Hanang pamoja na kijana yule yule, na anayetaka kufuatana nasi ajiandikishe kwa Katibu, aje na cheti cha daktari.

Na kuna sepetu 12 mpya katika stoo ya nyuma. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tutazibua mtaro wa barabara ya sokoni kabla ya mvua, saa 1 asubuhi. Mwezi uliopita walikuja watu 9, na sepetu tatu zilibaki stoo.