Hita Ikiharibika: Tupige Hesabu Kabla ya Kutoa Pesa

(Maneno yaliyosemwa kwa wakulima wa majani chai na vikundi vya akina mama, Kisii na Nyamira, kabla ya bonasi.)

 

Leo tunazungumza juu ya maji ya moto. Huku kwetu si anasa. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu za Borabu ni juu zaidi. Asubuhi ya mvua, maji ya tangi ni baridi kweli, na aliyezaa juzi au mzee mwenye maumivu ya viungo hawezi kuyamwaga mwilini hivyo hivyo.

Tangu serikali ianze mpango wa kusambaza stima vijijini mwaka 2015, nyumba nyingi zimeunganishwa, na nyingi zimeweka hita. Sasa hita hizo zimeanza kuchoka. Bonasi ya majani chai ikiingia, mtu anakimbia Keroka au Kisii mjini, ananunua nyingine na kumwita kijana yeyote mwenye bisibisi. Hapo ndipo pesa hupotea, na wakati mwingine maisha pia. Kwa hivyo tumelipanga jambo hili kwa maswali manne.

1. Je, imekufa kweli?

Shawa ya umeme isipopasha maji, mara nyingi kilichoungua ni koili ya ndani peke yake. Koili huuzwa kando, kwa bei ndogo kuliko shawa mpya. Mara nyingine hakuna kilichoungua. Msimu wa mvua maji ya mto huja na udongo mwekundu, matundu ya shawa yanaziba, maji yanatoka kidogo na shawa inakataa kuwaka. Zima stima kwenye meinswichi, fungua, safisha, jaribu tena.

Hita ya tangi nayo ina koili, kifaa cha kupima joto, na fimbo ya madini inayoliwa na kutu ili tangi lisiliwe. Vyote vitatu hubadilishwa. Lakini tangi lenyewe likianza kuvuja kutoka ndani, hakuna kiraka. Hilo limekwisha.

2. Nyumba inahitaji nini?

Tupige hesabu pamoja. Kupasha ndoo ya lita 20 kutoka digrii 18 hadi digrii 40 hutumia karibu nusu uniti ya stima. Watu sita, ndoo moja kila mmoja, ni uniti tatu kwa siku, yaani 90 kwa mwezi. Tukichukua shilingi 28 kwa uniti kama mfano, hiyo ni shilingi 2,520. Kila mmoja aangalie risiti yake ya tokeni aone uniti yake inamgharimu ngapi.

Shawa ya umeme ya wati 5,500 ikiwaka dakika tano hutumia karibu kiasi hicho hicho cha ndoo moja. Lakini kijana akisimama chini yake dakika kumi akiimba, hesabu inakuwa mara mbili. Nyumba ya watu sita wanaooga dakika kumi kumi hufika uniti 165 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 4,600 kwa kuoga peke yake. Tena katika mpango wa bei uliotolewa mwaka 2023, anayepita uniti 100 kwa mwezi huwekwa katika daraja la bei ya juu. Basi kabla ya kulaumu mita, tuangalie saa.

3. Je, nyumba iko tayari?

Hapa ndipo tunaomba msikilize sana. Wati 5,500 zikigawanywa kwa volti 240 ni ampia 23. Huo ni mzigo mzito. Waya wa milimita 2.5 tuliowekewa kwa soketi haukukusudiwa kazi hiyo. Utapata joto polepole ndani ya ukuta mpaka plastiki iyeyuke. Na nyumba iliyounganishwa kwa kale kabodi kadogo kenye taa na soketi chache, haifai kabisa kuongezewa shawa ya umeme bila kuwekwa waya upya.

Haya ndiyo mahitaji ya shawa ya umeme:
- waya wake peke yake kutoka kwenye boksi, milimita 6;
- breka yake ya ampia 32;
- swichi kubwa inayokata nyaya zote mbili, iwekwe mbali na maji;
- waya wa ardhini uliofungwa kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa chini vizuri;
- swichi ya kukata umeme unapovuja, ile yenye alama ya 30 mA;
- tangi lililo juu ya shawa kwa kimo kilichoandikwa kwenye karatasi ya shawa hiyo, ili maji yashuke kwa nguvu.

Kuna fundi atakayekuambia, "Huo waya wa ardhini ni gharama ya bure, shawa itawaka tu." Ni kweli itawaka. Lakini siku koili itakapopasuka, stima itaingia ndani ya maji, na wewe umesimama peku kwenye simiti iliyolowa. Mumwulize fundi leseni yake ya EPRA kabla hajafungua begi. Asipokuwa nayo, mshukuru na umwambie aende salama.

Kwa hita ya tangi kuna jambo jingine. Maji yakipata moto huongezeka, na tangi lililofungwa kila upande linaweza kupasuka. Ndiyo maana kuna valvu ya usalama. Ikidondosha maji kidogo wakati wa kupasha, inafanya kazi yake, msiizibe kwa mpira wala kwa kijiti. Na mkiwa na watoto, mkumbuke kwamba maji ya digrii 60 huchoma ngozi kwa sekunde chache tu. Anza na maji baridi kwenye beseni, halafu uongeze ya moto.

4. Na jua je?

Wengi wanauliza juu ya hita ya jua. Moto wake hauna tokeni, hiyo ni kweli. Lakini ya lita 150 au 200 ina bei kubwa, na mzigo wake ni mkubwa. Lita 200 za maji ni kilo 200, bado hujahesabu tangi lenyewe. Mapaa yetu mengi ni mabati juu ya mbao nyembamba. Fundi seremala apande kwanza aangalie, na gharama ya kuongeza mbao iandikwe. Tangi la maji baridi nalo lazima likae juu zaidi ya lile la jua, kwa hivyo huenda ukahitaji mnara.

Pia huku kwetu jua huwa zuri asubuhi, halafu mchana mawingu yanajaa. Na mvua ya mawe inayochana majani chai inaweza kuvunja mirija ya vioo. Muulizeni muuzaji kama mirija huuzwa mmoja mmoja, na waranti iandikwe kwenye risiti, siyo mdomoni.

Kwa wale ambao bado wanatumia kuni, msione haya. Sufuria yenye kifuniko, kuni zilizokauka vizuri na jiko lenye kuta badala ya mafiga matatu vinapunguza kuni na moshi kuanzia leo.

La kufanya sasa

Andika karatasi moja yenye mistari mitano: kifaa, waya na swichi, mabomba na tangi, kazi ya fundi, stima ya kila mwezi. Mtaona kwamba kifaa chenyewe mara nyingi si mstari mkubwa. Pesa zisipotosha mistari yote mitano, msinunue kifaa kwanza na kungoja waya baadaye. Nunueni waya na breka msimu huu, shawa ingoje bonasi ijayo, na ndoo iendelee kuwekwa jikoni. Vikundi vinaweza kununua roli nzima ya waya na kugawana kwa mita, na kumleta fundi mmoja mwenye leseni kwa nyumba nne au tano.

Wahenga walisema, rahisi ni ghali. Anayekwepa gharama ya waya wa ardhini leo anaweza kutuitisha harambee ya mazishi kesho. Tusifike huko. Kila mmoja aende nyumbani jioni hii, afungue boksi la stima, asome namba iliyoandikwa kwenye breka ya shawa. Katika kikao kijacho tutaanza na namba hizo.