Karatasi Yetu Isomeke
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Nimepewa dakika chache kusema juu ya karatasi yetu ya habari. Simlaumu karani wetu, maana huichapa usiku baada ya kazi, wala hapewi senti moja. Lakini lililotokea lazima lisemwe.

Ndugu mmoja wa karakana aliachishwa kazi. Siku ya mwisho ya kupeleka rufani ilikuwa imeandikwa humu, ukurasa wa tatu, chini kabisa, kati ya habari za mpira na shukrani za harusi. Alipoiona, siku ilikwisha kupita. Je, hajui kusoma? La, sisi tulimficha habari yake.

Sisi watu wa reli twajua ratiba: stesheni upande huu, saa upande huu. Abiria hatafuti saa ya gari katikati ya hotuba.

Huko London alikuwako Harry Beck, mchoraji wa ofisi ya signeli. Mwaka 1931, naye ameachishwa kazi, alichora ramani mpya ya reli za chini ya ardhi: mistari iliyonyoka, kila njia na rangi yake. Hakujali maili, maana abiria ataka kujua abadili gari wapi. Wakubwa waliikataa kwanza. Mwaka 1933 ikachapwa, watu wakaipenda, na hata leo ramani ya reli ile yafuata namna yake. Yeye alianza na haja ya msafiri.

Basi, naomba mambo manne:

1. Ukurasa wa kwanza uwe wa mambo yenye siku ya mwisho, na siku hiyo iandikwe kwa herufi kubwa.
2. Kila habari iwe na kichwa chake, na nafasi tupu juu yake. Jicho nalo hupumzika.
3. Mpira na shukrani zikae nyuma daima.
4. Herufi za taipu zisuguliwe kwa brashi kabla ya kukata stensili, maana "e" na "o" zikijaa uchafu hutoka madoa.

Mtasema karatasi zitaongezeka. Hazitaongezeka tukifupisha hotuba, na yangu iwe ya kwanza kufupishwa.

Tujaribu kwa miezi mitatu.