Shilingi 2,000 za Nyanya



Leo tuongee juu ya shilingi 2,000. Mnazijua. Ni zile za Inua Jamii, serikali inazotoa kila mwezi kwa mzee, kwa nyumba inayolea yatima, na kwa mwenye ulemavu mkubwa. Kiwango hakijasonga kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2022 pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita shilingi 200, na pesa zikabaki zile zile. Ni kidogo, sawa. Lakini kuna nyumba ambazo bila hizo sufuria haipandi jikoni.

Sasa tazameni masharti. Mwaka 2018 malipo ya wazee yalifunguliwa kwa kila Mkenya aliyefika miaka 70 na ambaye hapokei pensheni ya serikali. Hakuna aliyeulizwa kama ni maskini. Halafu mlango ukaanza kurudishwa polepole. Siku hizi wanaoandikishwa wanajibu dodoso: paa ni la nini, ukuta ni wa nini, choo kipo, maji yanatoka wapi, mifugo ni wangapi. Majibu yanaingia kwenye mtambo, mtambo unapiga hesabu ya umaskini wao. Yaani ukiwa na ng'ombe mmoja aliyekonda, tayari una mali! Sisi wa huku kwenye soko la ng'ombe tunajua ng'ombe wa kiangazi ni mali ya aina gani.

Na kabla ya dodoso kuna kitambulisho. Hapo ndipo Waislamu wengi wa nchi hii wamekwama. Wanubi wamezaliwa Kenya vizazi na vizazi, lakini kijana wao alipigwa msasa na kamati kabla ya kupewa kipande. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema wazi kwamba huo ni ubaguzi. Februari 2025 Rais akatangaza kule Kaskazini Mashariki kwamba msasa wa ziada umekwisha. Vyema. Lakini tangazo halimrudishii mzee miaka aliyokaa bila kipande, wala halirekebishi umri ulioandikwa kwa kukisia. Nyanya ana miaka 74, kadi inasema 66. Kwa serikali, bado ni kijana.

Msidhani ni kwetu tu. Marekani, tarehe 4 Julai 2025, ilitiwa saini sheria inayombana anayepokea msaada wa chakula. Mtu mzima wa hadi miaka 64, asiye na mtoto wa chini ya miaka 14, athibitishe saa 80 za kazi au mafunzo kwa mwezi, isipokuwa awe na sababu inayokubalika kisheria. Wakimbizi ambao hawajapata ukaazi wa kudumu wakaondolewa. Wamo ndugu zetu wa Afrika Mashariki humo. Hakuna anayesimama kusema "tunawanyima chakula." Inaongezwa fomu moja, kisha nyingine, na mwenye njaa anachoka mwenyewe.

Wengine mnasema, si tuna zaka? Tunayo, na ina watu wake. Hii si zaka wala si hisani ya mheshimiwa. Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa, na inaidai serikali imsaidie asiyeweza kujikimu.

Kwa hivyo wiki hii, omba kitambulisho cha nyanya na cha babu, uangalie mwaka wa kuzaliwa. Ukiwa umekosewa, anza safari ya kuurekebisha sasa, usingoje siku ya kuandikishwa. Nenda naye kwa chifu, usimwache apange foleni peke yake. Na akikataliwa, usikubali jibu la mdomo. Ibara ya 47 inampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Iombe kwa adabu, simama hapo mpaka iandikwe, kisha utuletee nakala.