Somo la Sange

Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, katika bonde la Ruzizi, kaskazini mwa Uvira, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Watu wakakimbilia kuchota petroli. Wengine walikuwa vibandani wakitazama Kombe la Dunia. Moto ukalipuka, ukaua zaidi ya watu 230. Wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu wakabaki na kazi ya kubeba maiti.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini bila kuonekana, hadi ukutane na mbabula (jiko la makaa) au sigara. Kwa hiyo lori la mafuta likipinduka, zimamoto wa kwanza ni majirani: wafunge barabara, wazime majiko, wawaondoe watoto mbali. Bidoni ya mafuta hailingani na uhai wa mtu.