Siku Haichimbwi

Mhadhara wa umma, Kikoneni



Kila aliyepita chuoni anakijua kisa cha watu wa Sabato. Kimo katika Sura ya Al-Aaraf: mji ulio kando ya bahari, wakazi wake Wana wa Israili, wamekatazwa kuvua Jumamosi. Samaki nao, kwa mtihani wa Mungu, wakawa wanajitokeza juu ya maji siku hiyo hiyo, na siku nyingine hawaonekani. Wafasiri wanatueleza hila waliyoifanya: wakatega Ijumaa, wakaja kuopoa Jumapili. Jumamosi hakuna mkono uliogusa maji. Mtu wa Shimoni au Vanga hahitaji tafsiri hapo, maana anajua kwamba mvuvi hulala na dema halilali.

Chuoni tulifundishwa adhabu waliyoipata, tukafunga kitabu. Mimi kilichonikaa kichwani ni ile siku yenyewe. Ni siku gani hii ambayo watu wanaiogopa kiasi cha kuidanganya, badala ya kuivunja wazi?

Najua neno Yahudi likitajwa pwani hii mawazo hukimbilia Gaza. Wengine hukumbuka shambulio la Kikambala, Novemba 2002, ambako katika waliouawa Wakenya walikuwa wengi kuliko Waisraeli. Sikuja kutetea dola ya mtu. Nimekuja kuzungumzia namna Wayahudi walivyoufikiria wakati, kwa sababu naona jambo hilo linatuhusu sisi tunaoishi chini ya kilima cha Mrima.

Hesabuni siku nami. Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, twende hivyo mpaka Jumatano, ya tano. Halafu inakuja Alhamisi, na Alhamisi kwa Kiarabu ni ya tano vile vile. Wiki moja, siku mbili za tano! Waarabu wanaanza kuhesabu Jumapili, na Wayahudi pia. Kwao Alhamisi ni siku ya tano kwa jina. Jumamosi peke yake haina namba katika hesabu ya Wayahudi. Inaitwa Shabati, ndugu wa Sabt ya Waarabu. Sisi tumeifanya siku ya kufungulia wiki, wao ya kufungia. Nao kama bibi zetu huianza siku jua linapozama: usiku wa Jumamosi ni ule unaofuata mchana wa Ijumaa, na mishumaa ya nyumbani huwa imeshawashwa kabla ya magharibi. Kabla ya hesabu hizi zote, Wamijikenda walikuwa na wiki ya siku nne, na moja kati ya hizo jembe halikugusa shamba. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba siku ya kupumzika tuliletewa na meli.

Mwaka 70 Warumi waliliteketeza Hekalu la Yerusalemu. Fikirini msitu wa kaya umeangushwa miti yote, wazee wametawanyika, na hakuna tena mahali pa kufanyia tambiko. Watu wa namna hiyo kwa kawaida humezwa na wenyeji wao wapya. Wayahudi hawakumezwa, na mmoja wa waliojaribu kueleza sababu ni Abraham Joshua Heschel, mzaliwa wa Warsaw, 1907, aliyeponea chupuchupu Wanazi wasimmalize kama walivyowamaliza jamaa zake. Katika kitabu chake kuhusu Sabato cha mwaka 1951 anashikilia kwamba utakatifu mkuu wa dini yake umejengwa ndani ya wakati kuliko ndani ya jengo. Siku ya saba haina ukuta wa kubomoa. Na Heschel huyu hakuwa mtu wa kujifungia na vitabu: mwaka 1965 aliandamana Selma, Alabama, bega kwa bega na Martin Luther King.

Anapoutanguliza wakati mbele ya mahali, ndipo ninapobishana naye kidogo. Chini ya Mrima kuna niobiamu na madini adimu, na mwaka 2013 tuliona leseni ya kuyachimba ikifutwa, kisha kesi ikafuata. Anayesema mahali ni pa kupita tu hajawahi kuulizwa bei ya kaya yake. Hata Wayahudi wenyewe mahali hapakuwatoka moyoni. Mwaka 1903 Waingereza walipowatajia nyanda za Uasin Gishu kuwa makao yao, mkutano wa Wazayoni wa Basel nusura upasuke, na mwaka 1905 wakazikataa. Wanandi na Wamaasai hawakuulizwa wakati wa kutoa wala wa kukataa.

Lakini turudi kwenye siku. Marabi waliorodhesha kazi 39 zisizofanywa Sabato. Za mwanzo angeweza kuziandika mkulima wa hapa: kupanda, kulima, kuvuna, kufunga miganda, kupura, kupeta, kusaga, mpaka mkate uive. Ni yale ambayo kwayo binadamu huibadili dunia ikamfaa. Kwa siku moja anaiacha kama ilivyo, na mtumishi wake, mgeni wake na punda wake wanapumzika pamoja naye. Hilo Torati imelitamka. Roho ya mtu ikiwa hatarini, kazi zote hizo zinaruhusiwa, bali ni wajibu kuzifanya.

Kisha umeme ukaja, na dema likarudi. Yerusalemu na New York zipo lifti zinazosimama kila ghorofa zenyewe Jumamosi, ili mcha Mungu asibonyeze kitufe. Nilicheka niliposikia habari hiyo mara ya kwanza. Siku hizi sicheki sana. Mvuvi wa kile kisa alitaka samaki wa siku iliyokatazwa; bibi mwenye magoti mabovu anataka kufika sinagogi. Mbinu zinafanana, nia hazifanani. Ila mstari kati yao ni mwembamba.

Wanaoonyesha vizuri siku inaweza kubeba nini wako Mbale, Uganda. Semei Kakungulu, mkuu wa vita aliyewatumikia Waingereza wakamvunja moyo, alijisomea Agano la Kale, na mwaka 1919 akajitahiri yeye na wanawe. Wafuasi wake wanaitwa Abayudaya. Idi Amin alipopiga marufuku dini yao walisali kwa siri, wengi wakaiacha. Utawala wake ulianguka Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979, na jua la siku hiyo lilipozama iliingia Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kutoka utumwani. Mwaka 2008 Gershom Sizomu, kijana wa jamii hiyo, aliwekewa mikono kuwa rabi Los Angeles, akarudi kwao.

Sabato ina dada mkubwa. Kila mwaka wa saba, katika nchi ya Israeli, ardhi yenyewe hupumzika: hailimwi, na kinachoota chenyewe ni cha maskini, cha mgeni, hata cha mnyama. Mwaka wa mwisho wa namna hiyo uliisha Septemba 2022. Hapo pia dema lipo: tangu mwishoni mwa karne ya 19 baadhi ya marabi huruhusu shamba liuzwe kwa karatasi kwa asiye Myahudi, mwaka upite, kisha lirudi. Wengine hawataki hata kulisikia.

Sasa turudi kwetu. Vijiji vya Maumba na Nguluku mnavijua kuliko mimi. Watu walihamishwa, mchanga ukachujwa, meli ya kwanza ya madini ikaondoka Februari 2014, na Desemba 2024 uchimbaji ukakoma. Sasa kila mtu ana mpango na ardhi ile. Wazee wangu, ningependa kusikia kutoka kwenu ipewe miaka mingapi kabla jembe halijarudi, na kitakachoota chenyewe ndani ya miaka hiyo kitachumwa na nani.

Jua limeshuka, na leo ni Alhamisi. Likizama tutakuwa usiku wa Ijumaa. Tukaswali kwanza, maswali yaje baada ya magharibi.